Mlima Unaohitaji Moto Katikati ya Jiji

Jumapili ya Aprili 18, 2021, moto ulizuka kwenye miteremko ya Table Mountain na kushuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town. Wanafunzi waliondolewa mabwenini. Ukumbi wa kusomea wa Jagger, uliohifadhi hazina ya machapisho na filamu za Afrika, uliteketea.

Hasara ile haina fidia. Lakini mimea ya mlima huo haiwezi kuishi bila moto.

Uoto wake wa asili huitwa fynbos: vichaka vya majani magumu, vikiwemo vya jamii ya protea. Baadhi ya protea hufungia mbegu zao ndani ya vichwa vya maua vilivyokauka, na vichwa hivyo hufunguka mmea mama ukiungua. Ndugu zao wengine hutegemea sisimizi. Mbegu yao ina kinundu chenye mafuta. Sisimizi huiburuta hadi shimoni, hula kinundu na kuiacha mbegu udongoni, mbali na panya. Huko husubiri moto upite juu ndipo ichipue. Moto ukirudi mapema mno, miche huungua kabla ya kuzaa. Ukichelewa sana, vichaka huzeeka na kufa.

Misonobari iliyoletwa na walowezi ndiyo iliyovuruga mambo. Huwaka kwa ukali, na joto lake huweza kuua hata mbegu zilizofukiwa. Tena hunywa maji mengi, na vijito vya mlimani vina mwenyewe: chura mdogo asiyepatikana kwingine kokote duniani. Kiluwiluwi chake huishi majini zaidi ya mwaka mmoja, kikiwa kimeng'ang'ania mwamba kwa mdomo. Kijito kikikauka msimu mmoja tu, kizazi kizima kimekwisha.

Hata hivyo, mpango wa kukata misonobari ya Tokai, eneo la jiji hilo, ulifikishwa mahakamani na wakazi waliozoea kutembea kivulini. Kilio chao kina uzito, kwani mlima huu ni uwanja wao wa mapumziko. Ila kivuli kinaweza kupatikana kwingine. Chura yule hana pa kuhamia.

Hifadhi ya taifa ya mlima huo, iliyoanzishwa mwaka 1998, huchoma baadhi ya maeneo kwa mpango. Wakati unaofaa ni mwishoni mwa kiangazi, tena siku ambayo upepo umetulia, maana nyumba zimeukumbatia mlima pande zote. Siku za namna hiyo ni chache, ndiyo maana sehemu kubwa ya fynbos bado huungua kwa mioto isiyopangwa.