Mashine ya mionzi iko Maputo, mgonjwa yuko Mbau: Nini kinaweza kufanyika kwa mwenye saratani?

Msumbiji ilipata kituo chake cha kwanza cha tiba ya mionzi mwaka 2019, katika Hospitali Kuu ya Maputo. Kabla ya hapo, mgonjwa wa saratani aliyehitaji tiba hiyo alilazimika kwenda nchi ya nje au kuikosa kabisa. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kwa taifa zima, lakini kwa mkazi wa Mbau, katika wilaya ya Mocímboa da Praia mkoani Cabo Delgado, Maputo iko zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara.

Umbali huo unazilazimisha familia kufanya uamuzi mgumu. Je, mgonjwa asafirishwe hata kama itabidi kuuza mashua au shamba la mikorosho? Na ikiwa hawezi kusafiri, kuna tiba gani iliyobaki? Ili kujibu maswali hayo, ni vyema kufahamu kwanza mionzi inafanya kazi gani.

Mionzi hufanya nini mwilini?

Saratani huanza pale chembe fulani za mwili zinapogawanyika bila mpangilio na kukataa kufa kwa wakati wake. Mashine ya mionzi huelekeza miale yenye nguvu, isiyoonekana kwa macho, kwenye uvimbe. Miale hiyo huharibu vinasaba vya chembe za saratani, zikashindwa kuendelea kuzaana. Chembe za kawaida zilizo jirani nazo huguswa, ila zina uwezo mkubwa zaidi wa kujitengeneza. Ndiyo maana tiba haitolewi yote kwa siku moja. Hugawanywa katika dozi ndogo, kwa kawaida siku tano kwa wiki, ili mwili upate nafasi ya kupona kati ya dozi moja na nyingine.

Kila dozi huchukua dakika chache, na mgonjwa hasikii maumivu, kama asivyosikia anapopigwa picha ya eksirei. Aliyetibiwa kwa mashine ya nje harudi nyumbani na mionzi mwilini. Anaweza kula sahani moja na jamaa zake na kumpakata mjukuu wake bila kumdhuru mtu.

Hata hivyo, tiba hii ina madhara. Mgonjwa huchoka, na ngozi ya sehemu inayotibiwa huwa kavu, hubadilika rangi na wakati mwingine huchubuka. Sehemu hiyo huoshwa taratibu kwa maji yasiyo moto, na haipakwi mafuta, dawa za mitishamba wala msiro bila idhini ya wahudumu. Nguo laini na pana, kama kanga ya pamba, huipunguzia msuguano. Mionzi ya nyonga huweza kuleta kuharisha, na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi huweza kuikomesha na kumwondolea uwezo wa kupata mimba. Hayo ni mambo ambayo mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla ya kuanza tiba.

Kuponya au kutuliza

Takriban nusu ya wagonjwa wote wa saratani huhitaji mionzi katika kipindi fulani cha ugonjwa wao. Lakini lengo halifanani kwa kila mgonjwa, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua juu ya safari.

Lengo la kwanza ni kuponya. Mfano ulio karibu zaidi ni saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Msumbiji. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionesha zaidi ya wanawake 5,000 wakiugua kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 3,000 wakifariki. Ugonjwa ukigunduliwa mapema sana, upasuaji huweza kutosha. Ukiwa umesambaa hadi maeneo ya jirani ya kizazi, mionzi pamoja na dawa za saratani za kila wiki ndiyo tiba kuu, na bado kuna matumaini ya kupona. Kwa kawaida mgonjwa hupata dozi 25 hivi za mionzi ya nje kwa wiki tano, kisha mionzi ya ndani, inayowekwa karibu na uvimbe wenyewe. Tiba ikikatizwa njiani, uwezekano wa kupona hupungua. Kwa hiyo familia inayomsafirisha mgonjwa wa namna hii inapaswa kujipanga kwa muda wa karibu miezi miwili ya malazi, chakula na mtu wa kumsindikiza.

Lengo la pili ni kutuliza. Saratani iliyofika kwenye mifupa huleta maumivu makali, na mara nyingi dozi moja tu ya mionzi hutosha kuyapunguza. Mionzi michache huweza pia kupunguza damu inayotoka kwenye uvimbe wa kizazi. Mgonjwa wa aina hii hahitaji kukaa mjini kwa wiki nyingi, na jamaa zake wana haki ya kumuuliza daktari waziwazi kama dozi moja inatosha.

Njia ya kutoka Mbau

Katika mfumo wa afya wa Msumbiji, mgonjwa huanzia kituo cha afya, akapewa karatasi ya rufaa, ambayo wengi huiita kwa Kireno guia, kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Mkoa ya Pemba. Kutoka hapo huweza kupelekwa Hospitali Kuu ya Nampula, iliyo kubwa kuliko zote kaskazini, au moja kwa moja Maputo.

Vita vimeivuruga njia hiyo. Mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 yaliwahamisha mamia ya maelfu ya watu katika mkoa mzima na kuharibu vituo vya afya, ikiwemo hospitali ya Mocímboa da Praia. Mbau yenyewe ilirejea mikononi mwa serikali Agosti 2021, kwa operesheni ya majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Mwanamke aliyekimbia na watoto akiwa anatokwa na damu isiyo ya kawaida hakuwa na mahali pa kupimwa, na saratani haisubiri amani irejee.

Kijiografia, mashine za mionzi za Dar es Salaam ziko karibu zaidi kuliko za Maputo. Kwa mstari ulionyooka, umbali kutoka Mbau ni kama theluthi moja tu. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996, ndiyo inayohudumia wagonjwa wengi wa Tanzania. Lakini mto Ruvuma ni mpaka wa nchi mbili hata kama ndugu wako pande zote. Anayevuka huhitaji hati za kusafiria, na asiye raia wa Tanzania anapaswa kuulizia gharama kabla ya kuondoka.

Kuwa na mashine pekee hakutoshi. Nchini Uganda, mashine pekee ya mionzi, iliyokuwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, iliharibika kabisa mwaka 2016, na nchi ikakaa bila tiba hiyo hadi mashine mpya ilipopatikana zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Tiba shufaa si kukata tamaa

Kwa mgonjwa asiyeweza kufika penye mionzi, na hata kwa anayefika, kuna tiba nyingine inayoweza kutolewa karibu na nyumbani. Huitwa tiba shufaa, yaani huduma inayoondoa maumivu na mateso ya mgonjwa na kuisaidia familia yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ni asilimia 14 tu ya watu wanaoihitaji duniani wanaoipata.

Uganda, iliyokosa mashine, imekuwa mfano katika jambo hili. Tangu mwaka 1993, shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa na daktari Anne Merriman, limetumia morfini ya maji, dawa ya bei nafuu inayotengenezwa kwa kuchanganya unga na maji na kunywewa nyumbani. Mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, ili vijiji visivyo na daktari visikose dawa ya maumivu.

Wengi huiogopa morfini kwa kudhani kuwa inaharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haiui. Humwezesha mgonjwa kulala, kula na kuzungumza na wanawe. Hunywewa kwa saa maalumu, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi. Huleta choo kigumu, kwa hiyo huandamana na dawa ya kulainisha choo, maji ya kutosha na matunda kama papai.

Kidonda cha saratani chenye harufu ni mateso mengine, kwa sababu humfanya mgonjwa ajitenge na watu wamkimbie. Muuguzi huweza kuifundisha familia kukiosha kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, kisha kunyunyizia unga wa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa. Harufu ikipungua, majirani hurudi kumjulia hali.

Imani nayo ina nafasi yake. Dua na nasaha za shehe haziizuii dawa, na Uislamu unampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga Ramadhani.

Kabla ya kufika huko

Novemba 2021, Msumbiji ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 9 dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi. Kwa wanawake watu wazima, kipimo cha kupaka siki huonesha mabadiliko kabla hayajawa saratani, na hakihitaji mashine kubwa. Kipimo hicho ni muhimu zaidi kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao hatari yao ni takriban mara sita ya wengine.

Wataalamu wanashauri kutopuuza damu inayotoka baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, uvimbe kwenye titi, kidonda kisichopona, na damu kwenye mkojo, ambayo huweza kuwa kichocho au saratani ya kibofu.

Na kwa familia ambayo tayari ina mgonjwa, maswali ya kumuuliza daktari kabla ya kuuza chochote ni manne: Je, lengo la mionzi ni kuponya au kutuliza? Itachukua siku ngapi? Nani atamtunza huko? Na dawa gani ya maumivu inaweza kuanza leo?