KABLA YA KUUNGA WAYA, PIGA HESABU



Ndugu msomaji, redio ya mama mmoja wa Kibokoni iliungulia mikononi mwa vijana wetu wanaojifunza ufundi. Redio ile ndiyo iliyomletea matangazo ya vifo na habari za jamaa. Ilitaka volti 9. Kijana akatafuta transfoma iliyoandikwa 9, akaunga daiodi nne na kapasita. Dakika chache tu, moshi! Akauliza, "Mbona namba ni zile zile?" Basi tukakaa chini tukapiga hesabu.

Daiodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Umeme huingia upande usio na mstari na kutokea upande wenye mstari. Lakini bawabu wa mlango huu hutoza ushuru: daiodi ya kawaida ya silikoni hula volti 0.7 hivi.

MFANO WA KWANZA: BETRI
Betri ya volti 12, daiodi moja, kisha taa. Taa itapata 12 - 0.7 = 11.3. Zikifuatana daiodi mbili, 12 - 1.4 = 10.6. Ukiigeuza daiodi, taa haipati kitu.

MFANO WA PILI: TRANSFOMA
Umeme wa nyumbani, volti 240, huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ile 9 ya transfoma si kilele chake. Kileleni hufika 9 x 1.41 = 12.7, na kapasita hujaa mpaka karibu na kilele. Katika zile daiodi nne, umeme hupita mbili kila safari, kwa hiyo toa 1.4. Inabaki 11.3. Redio ya volti 9 ikalishwa 11.3! Tena transfoma isiyo na mzigo mkubwa hutoa zaidi ya ilivyoandikwa.

DAWA YAKE
Ongeza daiodi tatu zinazofuatana kwenye waya wa chanya, zote zikitazama upande mmoja. Ushuru wake ni 3 x 0.7 = 2.1. Basi 11.3 - 2.1 = 9.2. Hapo redio iko salama. Lakini usiamini karatasi peke yake: unga kitaa kidogo kiwe mzigo, pima kwa mita, ndipo uunge redio. Ukipima bila mzigo, mita itakuonyesha zaidi.

ANGALIA SANA
- Kapasita iwe ya volti 25, na alama ya kutoa iende upande wa hasi. Ukiigeuza yaweza kupasuka.
- Usiguse upande wa volti 240. Ule huua.

Kikundi kinachanga kumlipa mama redio yake. Kijana hatukumfukuza, kosa lake halikuwa uvivu, hakuwa ameelezwa. Siku hizi yeye ndiye anayewauliza wenzake kabla hawajashika waya: "Umepiga hesabu?"