Ukijenga Rusimbi, Nani Mwajiri wa Kibarua?



Msimu wa karafuu ukiwa mwema, fedha za karafuu hugeuka nyumba. Wengi wetu hujenga hapa hapa kisiwani, lakini wamo wanachama wenye jamaa zao Kigoma na Ujiji, na baadhi yao wamepata viwanja huko Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Wala si ajabu. Ujiji na Unguja walijuana tangu zama za misafara, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi ikawa safari ya siku chache.

Basi twaona yafaa tueleze jambo ambalo wanachama hutuuliza mara kwa mara. Mtu akijenga, na kibarua akaanguka kutoka juu ya jukwaa akavunjika mguu, nani apaswaye kumtazama? Mwenye nyumba, kontrakta, au fundi aliyemleta?

Jawabu kwa ufupi ni hili: sheria haitazami jina ambalo watu wamepeana. Hutazama ni nani aliyekuwa akiiamrisha kazi.

SHERIA IPI YATUMIKA?

Mambo ya kazi si mambo ya Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya mwaka huo huo. Bara wana zao: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya 2008. Ajengaye Rusimbi hufuata sheria za bara, hata kama yeye akaa Wete na fedha zatoka Pemba.

NANI MWAJIRI?

Tuseme mwanachama wa Wete ajenga nyumba ya vyumba vinne Rusimbi. Amempa kazi fundi mmoja, na fundi amewaleta wenziwe wawili na vibarua watano. Kila Jumamosi mwenye nyumba hutuma ujira kwa simu. Yeye ndiye asemaye leo chimbeni msingi, kesho mwageni zege. Koleo, ndoo na toroli ni vyake. Akiulizwa, husema, "Mimi sina mfanyakazi, nina kontrakta."

Sheria ya Taasisi za Kazi yamjibu vingine. Mtu huhesabiwa kuwa ni mfanyakazi, mpaka ithibitike sivyo, ikionekana hata alama moja katika hizi: kazi yake au saa zake ziko chini ya amri ya mwingine; yeye ni sehemu ya shughuli ya huyo mwingine; amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita; riziki yake yamtegemea yeye; amepewa vyombo vya kazi; au humtumikia huyo mmoja tu. Mwenye nyumba wetu wa Wete zimemwangukia alama zaidi ya moja. Huyo ni mwajiri, apende asipende.

Sisi wa mikarafuu tusione tabu kulielewa jambo hili. Ukiita wachumaji shambani mwako na kuwalipa kwa pishi, wachumaji ni wako. Ukiikodisha mikarafuu yako kwa msimu, naye mkodishwaji akaja na watu wake, ngazi zake na kamba zake, faida yake na khasara yake, wachumaji ni wake. Na ujenzi ni vivyo hivyo. Kontrakta wa kweli ana watu wake, ana vyombo vyake, huchukua kazi kwa bei ya jumla, na akikosea hesabu khasara ni yake. Tena ameandikishwa katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, na ana daraja lake, la kwanza mpaka la saba. Huyo ndiye mwajiri wa vibarua wake.

Naye kontrakta akiwapa wengine sehemu ya kazi, kama vile kuezeka au kutia umeme, yampasa naye aulize swali lile lile: je, niliyempa ni kontrakta wa kweli, au ni mfanyakazi wangu niliyembadilisha jina?

WAJIBU WA MWAJIRI

Awe ni mwenye nyumba au ni kontrakta, akishakuwa mwajiri ana mambo ya kutimiza.

La kwanza ni karatasi. Mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi: jina lake, kazi yake, mahali, tarehe ya kuanza, saa na ujira. Mkataba waweza kuwa wa kazi maalumu, kama kujenga nyumba hii mpaka iezekwe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila khabari, na sheria yasema karibu vivyo. Mashauri yakifika mbele ya wakubwa na mwajiri hana maandishi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha walichopatana ni wake yeye, si wa kibarua. Na kazi ikiisha, maandishi hayo yawekwe miaka mitano.

La pili ni saa. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi sita. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Hata saa za ziada zikiwamo, siku ya kazi isivuke saa 12.

La tatu ni ujira. Ulipwe siku iliyopatanwa. Mwajiri asikate fedha za koleo lililovunjika kwa ghadhabu yake tu. Lazima mfanyakazi aelezwe, ajitetee, na akubali kwa maandishi, na makato ya deni yasizidi robo ya ujira.

La nne ni watoto. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na aliye chini ya miaka 18 hapelekwi kwenye kazi ya hatari. Kubeba zege juu ya jukwaa si mchezo wa mtoto.

La tano lawahusu khasa wanachama wanaochukua waashi kutoka Pemba au Dar es Salaam kuwapeleka Kigoma. Kazi ikiisha, mwajiri ndiye wa kumrudisha mtu alikomtoa, pamoja na mizigo yake, na kumpa posho ya kula mpaka asafiri. Watu wa Kigoma wanajua uchungu wa jambo hili. Zamani za Waingereza Waha wengi walichukuliwa manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, mbali na kwao. Haifai leo nasi tumtoe mtu kwao kisha tumwache njiani.

KIBARUA AKIUMIA

Kinga ni bora kuliko fidia. Mwajiri ndiye wa kutoa vifaa vya kujikinga, kama kofia ngumu, viatu na glavu, na kuhakikisha jukwaa limefungwa imara na shimo la msingi halitawafukia watu. Mahali pa kazi paandikishwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambaye wakaguzi wake wana haki ya kuingia na kutazama.

Ajali ikitokea, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri hujiandikisha na kuchangia nusu ya senti katika kila senti 100 za mishahara, yaani asilimia 0.5, na mchango huu haukatwi kwa mfanyakazi. Mfuko hulipa matibabu, malipo ya muda ambao mtu hawezi kazi, na pensheni kwa aliyepata kilema cha kudumu au kwa wategemezi wa aliyekufa. Chini ya sheria ya zamani fidia ya juu kabisa ya kilema ilikuwa shilingi 108,000, na ya kifo shilingi 83,000. Anayekwepa kujiandikisha humnyima mwenziwe haki iliyochukua miaka mingi kupatikana, na yeye mwenyewe amevunja sheria.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni ya majumba makubwa yaliyo mbali nasi. Siku ya Krismasi mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib hapa Unguja iliporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakafa. Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa lilianguka na kuua watu 36, na waliofikishwa mahakamani walikuwamo mwenye jengo, kontrakta na wahandisi. Kila mmoja aliulizwa sehemu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wenyewe ukiwaangukia watu, hauna tena wa kuuziba.

MKIGOMBANA

Ugomvi wa kazi upelekwe kwanza kwa Afisa Kazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume; madai mengine ya kazi yana siku 60. Mwajiri naye, akiitwa, aende na karatasi zake.

KABLA YA KUTUMA FEDHA

Basi, ndugu mwanachama, kabla hujatuma fedha Rusimbi, uliza mambo haya. Kibali cha ujenzi cha Manispaa kipo? Huyo uitaye kontrakta ameandikishwa, na daraja lake laruhusu kazi hiyo? Mkataba wenu umeandika nani huwalipa vibarua, nani huchangia Mfuko wa Fidia na ule wa Hifadhi ya Jamii, na nani hutoa vifaa vya kujikinga? Majina ya vibarua yameandikwa? Na kama hakuna kontrakta ila fundi tu, jihesabu wewe ndiye mwajiri, na uweke gharama hizi katika bei ya nyumba tangu mwanzo, kama uwekavyo bei ya saruji na mabati.

Kibarua wa Rusimbi hakujui, wala hajaona hata mti mmoja wa mkarafuu wako. Lakini akipanda jukwaa lako asubuhi, wako nyumbani wanaomngoja ashuke salama jioni.