Sauti, Data na Umeme katika Soketi Moja ya Ukutani

Katika ofisi nyingi za mji wa Morogoro, ukutani karibu na meza, huonekana kisanduku kidogo chenye tundu la pembe nne. Katika tundu hilo hupita mazungumzo ya simu na data za kompyuta, na siku hizi hata umeme wa kuendesha simu yenyewe. Yafaa kila mwenye ofisi aelewe jinsi kazi hizo tatu zinavyokaa pamoja, kwani makosa madogo katika ufungaji wake huweza kuikatia ofisi nzima mawasiliano.

Simu ya zamani na betri zake

Simu ya mezani ya zamani haikuchomekwa katika umeme wa nyumba. Ilipata nguvu zake kutoka kituo cha simu, kwa jozi ileile ya nyuzi iliyochukua sauti. Kituoni palikuwa na betri zenye jumla ya volti 48, zilizochajiwa wakati wote. Kengele ilipotakiwa kulia, kituo kilipeleka mkondo geu wa takriban volti 75 hadi 90. Kwa hiyo umeme wa mji ulipokatika, ofisi ilibaki gizani lakini simu iliendelea kuita. Utaratibu huo ulitumika enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na ukaendelea baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, hata ilipoanzishwa Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL) mwaka 1994.

Nyuzi nane zilizosokotwa

Kebo ya mtandao ina nyuzi nane za shaba, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne. Usokotaji huu si pambo. Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka 1881, kwa sababu vurugu za umeme zitokazo nje huzigusa nyuzi mbili zilizosokotwa kwa kiasi kilekile. Kifaa kinachopokea hupima tofauti tu kati ya nyuzi hizo. Kilicho sawa katika zote mbili hakihesabiwi.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyowezesha kupitisha umeme katika kebo ya data. Nyuzi zote mbili za jozi moja hupewa volti sawa, na mkondo hurudi kwa jozi nyingine. Tofauti ndani ya jozi hubaki ile ya data peke yake, hivyo umeme hauichafui habari. Kiwango cha kwanza cha kimataifa cha kazi hii, kiitwacho 802.3af, kilitolewa mwaka 2003 na kuruhusu wati 15.4 kwa kila soketi. Mwaka 2009 kiasi hicho kilipandishwa hadi wati 30, na mwaka 2018 hadi wati 90.

Somo la Kidatu

Kwa nini volti 48 hivi, wala si 12 kama za betri ya gari? Jibu limo katika mkoa huohuo wa Morogoro. Mitambo ya Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu, iliyoanza kazi mwaka 1975, hupeleka umeme kupitia Morogoro hadi Dar es Salaam kwa volti 220,000. Volti zikiwa nyingi, mkondo unaohitajika huwa mdogo. Na mkondo ukiwa mdogo, joto linalopotea njiani hupungua sana.

Chukua kebo ndefu ya ofisi yenye ukinzani wa omu 20. Wati 15.4 zikitoka kwa volti 44, mkondo ni ampea 0.35, hupotea wati 2.45 tu, na simu hupata wati 12.95. Kwa volti 12 mkondo wa kiasi hicho cha nguvu ungezidi ampea moja, na volti zaidi ya 20 zingehitajika kuusukuma katika kebo peke yake. Jambo hilo haliwezekani.

Kwa sababu hiyohiyo, kebo za bei nafuu zenye nyuzi za alumini zilizopakwa shaba zisitumike. Ukinzani wa alumini ni yapata mara moja na nusu ya ule wa shaba. Kebo hupata joto, na kifaa cha mwisho hukosa nguvu. Hata kwa shaba safi, kebo isizidi mita 100.

Tahadhari

Swichi ya mtandao ifuatayo kiwango haipeleki umeme ovyo. Kwanza hupima kama upande wa pili upo ukinzani wa omu 25,000, ambao ni alama ya kifaa kinachohitaji umeme. Kompyuta isiyo na alama hiyo haipelekewi chochote. Laini ya simu ya zamani haina hadhari hiyo: kengele yake ikiingizwa katika tundu la data huweza kuunguza kifaa. Kwa hiyo kila soketi iandikwe kazi yake.

Tahadhari nyingine ni radi, ambayo si ngeni chini ya Milima ya Uluguru. Kebo ya shaba iliyovutwa kutoka jengo moja hadi jingine huweza kuingiza ndani mshtuko wa radi. Kati ya majengo ni bora kutumia nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme.

Umeme unapokatika

Ofisi iliyoacha simu ya zamani imeziacha pia betri za kituo. Sasa yapasa iwe na zake. Tuseme ofisi ina simu 20 za wati 5 kila moja, swichi ya wati 40, na kifaa cha wati 20 kinachoiunganisha na nje. Jumla ni wati 160. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, itazihudumia kwa zaidi ya saa tatu. Kifaa cha kuunganisha na nje kikisahauliwa, simu zote zitawaka taa, lakini hakuna atakayeweza kumwita daktari wala zimamoto.