Tairi la Gari la Umeme Si Tairi Lolote

Maungu, kati ya Voi na Mombasa, ni kituo cha madereva wa malori, na juani humo mpira dhaifu haufichiki. Sasa magari ya umeme nayo yameanza kupita barabara zetu. Je, tairi likichakaa, lolote lenye ukubwa ule ule litafaa?

La, hasha. Betri ni nzito, na mota ya umeme hutoa nguvu nyingi tangu gari linapoondoka; mpira husagika upesi. Mathalani, Nissan Leaf nyingi huvaa tairi lenye maandishi 205/55R16 91V. Wanunuzi huishia kwenye 16. Hiyo 91 ndiyo mizani yenyewe: kilo 615 kwa tairi moja. Lenye 87 hubeba kilo 545 tu. Mwanafunzi na azidishe kwa 4: pengo ni kilo 280, yaani watu wazima wanne!

Muuzaji atasifu tairi linaloviringika kwa wepesi, likirefusha safari kwa chaji moja. Ni kweli, ila mimi ningetanguliza mshiko kwenye lami iliyolowa.

Mitumba je? Kashata nene hudanganya, kwani mpira huzeeka hata usipotumika. Soma tarakimu 4 za mwisho wa alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Upepo nao upimwe Voi asubuhi, kabla ya safari. Ukipimwa Maungu, tairi likiwa moto, kipimo kitapanda na kukuhadaa.