Bakteria wa tumboni: Tuwahesabu vipi?

Ikiwa unaishi Donholm, jaribu zoezi hili. Simama pale Outering Road inapokutana na Jogoo Road, ile barabara ambayo enzi za mkoloni ikiitwa Doonholm Road, uhesabu magari 100. Tuseme umepata matatu 25, malori 25, mabasi 25 na magari madogo 25. Kesho yake unarudi na kupata matatu 97, lori 1, basi 1 na gari dogo 1. Je, mchanganyiko wa siku hizo mbili ni sawa?

Ukihesabu aina tu, utasema ni sawa, kwani kila siku kulikuwa na aina nne. Lakini macho yako yanakataa. Siku ya pili ilikuwa ya matatu.

Tatizo hilo ndilo linalowakabili wataalamu wanaochunguza bakteria. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa bakteria wa tumboni wa wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Wanawake wa Kenya walitoka Nairobi, katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, ambayo haiko mbali na Donholm. Ilionekana kwamba bakteria waitwao Treponema hupungua kwa watu wa mijini, ilhali Bifidobacterium huongezeka. Ili kulinganisha jamii kama hizo, lazima kwanza uamue utapima nini.

Vipimo ni vingi

Kipimo cha kwanza ni kuhesabu aina. Ni chepesi, lakini aina yenye bakteria mmoja hupewa uzito sawa na yenye maelfu.

Kipimo cha pili kinatokana na kazi ya Claude Shannon ya mwaka 1948 kuhusu mawasiliano. Hiki hutazama aina na pia jinsi zinavyogawana nafasi. Cha tatu ni cha Edward Simpson, cha mwaka 1949. Yeye aliuliza: ukichukua magari mawili bila kuchagua, kuna uwezekano gani yawe ya aina moja? Kipimo chake husikiliza zaidi aina zilizo nyingi.

Mwaka 1973 Mark Hill alionyesha kwamba vipimo hivi vitatu ni ndugu. Kila kimoja kinaweza kugeuzwa kuwa idadi ya aina zenye nguvu sawa. Kwa siku ya kwanza pale barabarani, vyote vinatoa 4. Kwa siku ya pili, kuhesabu aina kunatoa 4, Shannon 1.18, na Simpson 1.06. Magari ni yale yale, majibu ni matatu.

Mwaka 1992 Daniel Faith aliongeza jambo la ukoo. Kwake yeye, jamii yenye aina za koo zilizo mbali ina utajiri zaidi kuliko yenye aina za ndugu wa karibu. Nao wanaotaka kujua kama tumbo la mtu wa Nairobi linafanana na la mtu wa kijijini hutumia vipimo vya kulinganisha jamii mbili, kwa sababu matumbo mawili yanaweza kuwa na idadi sawa ya aina na yasiwe na hata aina moja ya pamoja.

Jihadhari na mitego

Ukihesabu magari 100 leo na 1,000 kesho, kesho utaona ambulansi na trekta ambazo leo hukuziona. Barabara haikubadilika, wewe ndiwe uliyehesabu zaidi. Ndiyo maana watafiti husawazisha hesabu za sampuli kabla ya kuzilinganisha.

Mtego mwingine ni kudhani kwamba aina nyingi maana yake ni afya. Wahenga walisema wingi si hoja. Maji machafu ya Mto Ngong yana bakteria wa aina tele, na hakuna mzazi atakayempa mwanawe ayanywe. Kwa upande mwingine, mtoto anyonyaye maziwa ya mama huwa na aina chache tumboni, nyingi zikiwa Bifidobacterium, naye ni mzima kabisa. Tena, viini vya kipindupindu vikiwa vichache ndani ya maji, kipimo cha Simpson hakitatikisika, lakini hatari ipo. Nambari ya aina haikwambii ni nani yumo.

Kwa hivyo, wewe mwanafunzi unayeandaa mradi wa baiolojia, chagua kipimo kabla ya kuyaona matokeo. Ikiwa swali lako linahusu aina adimu, hesabu aina na usawazishe sampuli. Ikiwa linahusu wanaotawala, tumia Simpson. Ukitaka ya katikati, Shannon atakufaa. Kupima kwa vyote na kutangaza kile kimoja kilichokupendeza ni udanganyifu.

Nawe mzazi, ukimsikia mfanyabiashara akidai kwamba dawa yake huongeza bakteria wazuri tumboni, usiduwae kwa nambari. Muulize: amepima nini, kwa kipimo gani, na je, waliopimwa walipata nafuu? Akishindwa kujibu, rudisha pesa zako mfukoni.