Je, Alikuwa Chui Kweli?

Wewe mkulima wa skimu, hasa unayelima kando ya msitu wa Nyandarua, umekwisha kusikia mabishano haya. Kondoo ameuawa usiku, na asubuhi majirani wamekusanyika. Mmoja anasema ameona chui mweusi akiruka ua. Wa pili anasema ni fisi. Wa tatu anaapa kwamba alikuwa simba. Na wakati wote wanaposema, viatu vyao vinakanyaga pale pale palipoandikwa jibu.

Ubishi wa namna hii si wa leo. Katika mwaka 1931 mkulima mmoja, Michael Trent, aliwapiga bunduki simba wawili katika milima ya Aberdare, penye kimo cha futi 10,000 hivi. Simba hao walikuwa wadogo kwa umbo, na ngozi zao zilikuwa na madoa. Watu wengine walisema hii ni aina ya simba isiyojulikana, wakamwita marozi. Wengine walisema ni simba wa kawaida ambao hawajakomaa. Mwingereza Kenneth Gandar Dower alifunga safari kwenda kuwatafuta. Aliona nyayo, lakini mnyama mwenyewe hakumpata, naye akaandika kitabu juu ya habari hizo mwaka 1937. Ni kweli kwamba watoto wa simba huzaliwa na madoa, na wengine hubaki nayo kidogo miguuni na tumboni hata wakiisha kukua. Kwa hiyo sisi tunaona neno la wale wa pili lina nguvu zaidi. Lakini angalia: watu walikuwa na ngozi mkononi na bado walibishana. Sembuse wewe uliyeona mkia tu katika mwanga wa kurunzi!

Habari ya chui mweusi pia si uongo. Chui mweusi ni chui yule yule, ila ngozi yake ina weusi mwingi, na ukimtazama juani utaona madoa yake. Picha zake zilizopigwa Laikipia zilitangazwa duniani pote mwaka 2019. Tatizo ni kwamba katika Aberdare wako pia mondo weusi. Mondo ana miguu mirefu, masikio makubwa na mkia mfupi, wala hafiki nusu ya uzito wa chui mzima. Chakula chake kikubwa ni panya, kwa hiyo ni rafiki wa shamba lako, ingawa akipata kuku hamwachi. Kondoo mzima si mzigo wake.

Sasa tazama udongo. Zuia watu na mbwa wasikaribie, kisha tafuta unyayo mmoja ulio safi. Chui, simba na mondo hutembea wakiwa wameficha kucha, kwa hiyo unyayo wao ni wa mviringo, una vidole vinne, na hauna alama za kucha. Fisi na mbwa huacha alama za kucha mbele ya vidole. Duma naye huacha alama za kucha ingawa ni wa jamii ya paka, lakini yeye ni mnyama wa nchi tambarare na huwinda zaidi mchana. Unyayo wa mondo una urefu wa sentimita 4 au 5, yaani kama kisanduku cha kiberiti. Wa chui ni kama sentimita 7 hadi 10. Wa simba hupita sentimita 11. Ukiona kucha butu, na nyayo za mbele ni kubwa kuliko za nyuma, huyo ni fisi. Weka kiberiti kando ya unyayo, upige picha kwa simu yako kabla ya mvua kunyesha.

Baada ya nyayo, tazama mzoga. Chui huuma koo, na mara nyingi huburuta nyama yake kichakani au kuipandisha mtini. Fisi huvunja na kula hata mifupa, ndiyo sababu mavi yake yakikauka huwa meupe. Mbwa koko hufanya kazi ovyo: huuma miguu, masikio na mapaja, hujeruhi kondoo wengi, na hula kidogo tu. Mbwa hao pengine ni wako au wa jirani, na hapo ndipo wengi hupenda kumsingizia chui.

Kuna jambo moja zaidi. Pengine ndama alikufa kwa ndigana, na fisi akaja baadaye kula. Chuna ngozi ya shingo palipoumwa. Damu iliyovilia chini ya ngozi maana yake mnyama aliumwa angali hai. Kama hakuna, huenda alikuwa amekwisha kufa. Lakini ukiona damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, usimguse kabisa. Hiyo huenda ikawa kimeta, nacho huua watu. Mwite daktari wa mifugo.

Mambo haya yote yana maana kwa mfuko wako. Sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 inamruhusu mkulima kudai fidia kwa mifugo walioliwa na simba, chui au fisi. Mbwa koko hawamo katika sheria hiyo. Mpashe habari askari wa KWS mapema, mwonyeshe nyayo na mzoga, kisha dai lako lipelekwe kwa kamati ya kaunti. Mwenye mifugo asiyewalinda kama ipasavyo anaweza kunyimwa fidia, kwa hiyo zizi lililobomoka litatazamwa pia.

Usitie sumu katika mzoga. Sumu haichagui: itaua tai, mbwa wako, na pengine mtoto anayechunga, na yule mnyama unayemtafuta asirudi hata kidogo. Tena ni kosa mbele ya sheria.

Badala yake, jioni chekecha majivu na uyatandaze mlangoni pa zizi, upana wa hatua mbili, na pale ambapo ua ni mfupi. Yasawazishe kwa tawi. Alfajiri, kabla hujafungulia kondoo, nenda wewe kwanza ukatazame.